Gia zinakataa gari likipata moto: kabla hujashusha giaboksi

*Swali: Shikamoo fundi. Nina Toyota Hilux LN106 ya mwaka 1995, dizeli 3L, gia tano. Napanda nayo kutoka Mombo kwenda Lushoto na saruji na mbolea, nashuka na kabichi na karoti. Asubuhi gia zinaingia vizuri. Nikifika Soni gari limeshapata moto, gia namba moja na rivasi zinakataa, nikilazimisha zinasaga. Nikipampu klachi mara mbili tatu zinaingia. Pia nikirudisha gia kutoka tatu kwenda mbili inakwaruza, hata asubuhi. Na mwezi huu gia ya tatu imejitoa yenyewe mara mbili nikiwa nashuka. Fluidi ya klachi tunaongeza kila wiki. Klachi pleti na presha pleti zilibadilishwa mwaka jana. Fundi wa kwanza anasema pleti imeisha tena, tushushe giaboksi. Wa pili anasema giaboksi yenyewe imekufa, nitafute nyingine Dar. Sina hela ya kukosea. Nianzie wapi?*

Marahaba. Nitaanza na lile ulilolitaja kwa kupita tu: gia ya tatu inayojitoa ukiwa unashuka. Hilo ndilo la hatari, mengine yote yanaweza kusubiri. Barabara ya kutoka Soni kwenda Mombo unaijua kuliko mimi. Gari lenye mzigo likiteremka pale, linalolizuia zaidi ni injini kupitia gia, breki zinasaidia tu. Gia ikichomoka, injini haizuii tena kitu. Mzigo wote unahamia kwenye breki, zinapata moto kona baada ya kona, na zikishachemka unakanyaga pedali gari likiendelea kwenda. Kwa hiyo mpaka ijulikane kwa nini inajitoa, usishuke na kabichi. Kama ni lazima gari lifike Mombo kwa fundi, lishuke tupu, ukiwa umeingiza gia ya pili mapema kabla mteremko haujaanza, na usiitoe mpaka chini. Na usiishikilie liva ya gia kwa mkono ili isitoke, jambo ambalo madereva wengi hulifanya. Mkono wako juu unaisukuma foki ndani ya giaboksi, yaani kile kipande kinachosogeza gia, foki inasugua mahali inapoishika gia muda wote, na hicho ndicho kitu ambacho huenda kimeshalika tayari.

Sasa klachi, maana humo ndimo hela yako inapotaka kupotea.

Kwa maelezo yako, unahangaika na matatizo matatu, na kila fundi amechukua moja akalifanya jibu la yote. Fundi wa kwanza amesikia gia zinakataa akasema pleti imeisha. Kauli hiyo nimeisikia gereji nyingi na karibu kila mara inasemwa kabla mtu hajafungua hata boneti. Shida yake ni kwamba "klachi imeisha" inafunika hali mbili zilizo kinyume kabisa. Klachi inaweza kukataa kushika, na klachi inaweza kukataa kuachia. Dalili zake tofauti, sababu zake tofauti, na gharama zake zimeachana mbali sana.

Fuatana nami kidogo, halafu utaweza kuamua mwenyewe. Flaiwili imefungwa kwenye kranki shafti, inazunguka muda wote injini ikiwa inawaka. Klachi pleti imeingia kwenye meno ya ile shafti inayotoka giaboksi. Presha pleti imefungwa kwa bolti kwenye flaiwili, na springi yake inaibana klachi pleti katikati. Ukiwa hujakanyaga chochote, vyote vitatu vinazunguka pamoja na nguvu ya injini inakwenda kwenye magurudumu. Ukikanyaga pedali, rilizi beringi inasukuma vidole vya springi, presha pleti inarudi nyuma, na klachi pleti inabaki huru. Jambo la kukumbuka ni udogo wa nafasi inayopatikana hapo: haifiki milimita moja kila upande wa pleti. Ukipoteza kidogo tu ya mwendo kati ya mguu wako na rilizi beringi, pleti haiachiki vizuri.

Pleti iliyolika haishiki. Unapanda mlima na mzigo, unaongeza mafuta, injini inapaza sauti lakini mwendo hauongezeki, na baada ya muda unasikia harufu ya kuungua ambayo hutaisahau. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinasema pleti ibadilishwe ikibaki milimita 0.3 tu kutoka juu ya uso wake hadi kwenye kichwa cha riveti. Wewe unatoka Mombo na saruji, unapanda karibu mita 1,000 kwenda juu, na hukusema hata mara moja kwamba injini inalia gari likiwa halivuti. Huo mlima ni kipimo kikali kuliko chochote ambacho fundi angeweza kukifanya uani kwake. Pleti yako inashika. Kuibadilisha tena sasa ni kuweka kipya mahali ambapo hapakuwa na tatizo, na gari litarudi na ugonjwa uleule.

Gia inayokataa kuingia gari likiwa limesimama na injini inawaka, hiyo kwa kawaida ni klachi isiyoachia. Gari limesimama, kwa hiyo shafti ya kutokea kwenye giaboksi imesimama. Shafti ya kuingilia nayo inatakiwa isimame ukikanyaga klachi. Kama pleti bado inaburuzwa na flaiwili, shafti hiyo inaendelea kuzunguka, na sinkronaiza ya gia namba moja, yaani pete inayolinganisha mizunguko kabla meno hayajakutana, inajaribu kuisimamisha ikiwa inapigana na injini nzima. Haiwezi. Rivasi ndiyo inalia zaidi kwa sababu kwenye giaboksi nyingi za zamani haina sinkronaiza, meno yanakutana hivyohivyo na meno.

Halafu umenipa ushahidi wa aina mbili ambao mafundi wako hawakuutumia. Unapampu mara mbili tatu, gia inaingia. Na mnaongeza fluidi kila wiki.

Klachi ya gari lako haivutwi kwa waya. Pedali inasukuma masta ya juu, iliyo kwenye ukuta wa injini mbele ya dereva. Masta inasukuma fluidi kwenye paipu na kipande cha mpira. Fluidi inasukuma masta ya chini iliyo ubavuni mwa giaboksi. Nayo inasukuma foki ya klachi, si ile ya gia, yenye rilizi beringi. Fluidi haibonyei, ndiyo maana inafaa kazi hiyo. Upepo unabonyea. Ukiwa na upepo ndani, au raba ya ndani ya masta imechoka na fluidi inarudi nyuma kupitia pembeni yake, sehemu ya mkanyago wako inapotelea hapo. Ukipampu haraka, mkanyago wa pili unaongezea fluidi kabla ya kwanza haijarudi yote, masta ya chini inasogea mbele zaidi, na pleti inaachia. Klachi pleti iliyolika, au sinkronaiza iliyokufa, haiponi kwa kupampu pedali. Hapo fundi wa kwanza ameshindwa kesi.

Kuhusu kuongeza fluidi: mfumo huu umefungwa. Haiungui humo kama oili ya injini, haitumiki. Ikipungua kila wiki, inavuja, na panapotoka fluidi panaingia upepo. Na moto je? Fluidi ikipata joto inakuwa nyepesi, inapita kwa urahisi zaidi pembeni ya raba iliyochoka, na kile kipande cha mpira kilichozeeka kinalainika na kutanuka kidogo unapokanyaga. Ndiyo maana asubuhi unaapa gari ni zima na Soni unataka kuliuza.

Usiniamini mimi kwa maandishi, jaribu mwenyewe. Gari likiwa limepata moto, simama mahali tambarare pasipo na mtu mbele wala nyuma. Zima injini, kanyaga klachi, pitisha gia zote pamoja na rivasi. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa na zikikataa ikiwa inawaka, tatizo ni kuachia. Zikikataa hata injini ikiwa imezimwa, angalia liva na giaboksi yenyewe. Kisha washa, kanyaga klachi mpaka mwisho bila kupampu, hesabu taratibu mpaka tano, ndipo uingize rivasi. Kama baada ya kuhesabu hivyo bado inasaga, shafti haijasimama, pleti inaburuzwa. Pampu sasa mara tatu, shikilia, rudia. Ikiingia kimya, umeshajua.

Baada ya hapo tafuta panapovuja. Ingia chini ya dashibodi na tochi, fuata fimbo ya pedali ya klachi mpaka inapoingia kwenye ukuta. Pitisha kidole. Ukikuta majimaji, au rangi imebabuka na kuteremka chini ya zulia, masta ya juu imekwisha. Fluidi hii ni ileile ya breki, nayo hubabua rangi, kwa hiyo alama yake haijifichi. Halafu nenda chini ya gari, gari likiwa limezimwa na gurudumu limewekewa jiwe. Kwenye masta ya chini kuna kofia ya mpira inayozuia vumbi. Ivute nyuma taratibu. Unyevu kidogo si ajabu kwa gari la umri huo, lakini likidondoka hata tone, raba ya ndani haizuii tena. Ukiwa hukohuko, mwambie mtu akanyage pedali wewe ukiangalia fimbo inayosukuma foki. Inatakiwa itembee zaidi ya sentimita moja kwa mkanyago mmoja. Ikisogea milimita chache tu, huna haja ya kubahatisha tena. Tazama na mpira wenyewe wakati anakanyaga: ukiuona unavimba, unakula mwendo.

Lipo na la kuvujia ndani, ambalo halidondoshi kitu nje. Ukishikilia klachi kwenye foleni ukasikia gia inaanza kusukuma gari lenyewe huku mguu wako haujapanda, fluidi inapita ndani ya masta ya juu. Kwako naona kuna la nje pia, lakini haya mawili huja pamoja.

Dawa yake. Ripea kiti, yaani raba mpya, ni rahisi na inafaa kama uso wa ndani wa silinda ni laini. Fundi akishaifungua, pitisha ukucha ndani. Ukikwama kwenye vishimo vya kutu, raba mpya zitakatika ndani ya wiki chache na mtaanza upya. Mimi kwa gari la miaka 30 nisingehangaika na kiti. Ningenunua masta zote mbili na ule mpira kwa pamoja. Ukiweka ya juu mpya yenye nguvu na kuiacha ya chini ya zamani, ya chini ndiyo itaanza kuvuja, na utalipa ufundi mara mbili. Hata vyote vitatu, kwa spea nzuri, bado havikaribii gharama ya kushusha giaboksi ya gari lenye 4x4.

Fluidi iwe DOT 3 au DOT 4, kopo jipya ambalo umelifungua mwenyewe, kwa sababu hunyonya unyevu wa hewani na lile lililokaa wazi dukani mwaka mzima limeshanyonya vya kutosha. Iliyomo sasa itolewe yote. Kama ni nyeusi, huo weusi ni raba zinazosagika. Usikubali mtu akumiminie oili ya injini, wala oili ya haidroliki, wala ile nyekundu ya giaboksi za otomatiki. Zote zinaivimbisha raba ya masta mpaka inakwama, na kwenye breki, ambako makosa hayohayo hufanyika, zinaua. Maji ya sabuni nayo nimeona yakimiminwa barabarani. Yatakufikisha nyumbani, na yataiharibu silinda.

Kutoa upepo ni kazi ya watu wawili na haihitaji mashine. Juu ya nipo ya masta ya chini, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo, visha kipande cha mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ncha yake izame kwenye chupa yenye fluidi kidogo. Mmoja anakanyaga mara tatu taratibu, anashikilia chini na kusema "nimeshika". Wa chini anafungua nipo nusu mzunguko, mapovu yanatoka, anafunga. Hapo tu ndipo anasema "achia". Akiachia kabla hajaambiwa, upepo uliotoka unarudi wote ndani, na hiyo ndiyo sababu watu wanakaa asubuhi nzima wakisema masta mpya ni mbovu. Pedali ikibaki chini mwanzoni, ipandishe kwa mguu au mkono, ni kawaida. Na kopo la fluidi la masta ya juu lisikauke hata mara moja katikati ya kazi. Endelea mpaka inayotoka ni safi na haina hata povu moja.

Mwisho wa kazi, fundi apime mchezo wa pedali: ukiisukuma kwa kidole, itembee bure kati ya milimita 5 na 15 kabla hujasikia uzito. Hapa kuna mtego. Fundi akiona klachi inaachia kwa shida huirefusha ile fimbo ya pedali inayosukuma masta ya juu mpaka mchezo wote unakwisha. Siku hiyo gia zitaingia vizuri. Lakini fimbo ikiwa imebana, masta hairudi mpaka mwisho, tundu la kurudishia fluidi linabaki limezibwa, na fluidi ikipata moto na kutanuka haina pa kwenda. Inaisukuma rilizi beringi kidogo muda wote, kana kwamba umeweka mguu juu ya klachi, na pleti yako nzima ya mwaka jana inaanza kuteleza na kuungua.

Je, ikiwa vyote hivyo ni vizima, fimbo inatembea vizuri, na bado rivasi inasaga? Hapo nitakubali kushusha. Ndani kunaweza kuwa na pailoti beringi iliyokwama, ile ndogo katikati ya mwisho wa kranki, ambayo ikishika inaizungusha shafti hata kama pleti imeachia. Inaweza kuwa pleti imepinda, au foki imechoka inapoegemea. Wengine watakwambia pleti iliwekwa kinyumenyume. Hilo hutokea kweli, lakini ingesumbua tangu siku ile ya kwanza, si baada ya mwaka.

Gia ya pili inayokwaruza unapotoka ya tatu ni jambo jingine, na hapa fundi wako wa pili ana sehemu ya haki. Gia moja tu inapokwaruza, asubuhi na mchana, nyingine zikiwa kimya, inayolalamika ni sinkronaiza ya gia hiyo. Ile pete ya shaba imelika na haiwezi tena kulinganisha mizunguko kabla meno hayajakutana. Ya pili ndiyo huwahi kwenda kwa sababu ndiyo tunayoirudishia kwa nguvu kwenye kona na milima. Na klachi isiyoachia vizuri huimaliza upesi zaidi. Unaweza kuihakikisha hivi: ukitoka ya tatu, kanyaga klachi, toa gia iwe frii, achia klachi, ongeza mafuta kidogo injini ipande, kanyaga tena, ingiza ya pili. Wazee wa malori hufanya hivyo bila kufikiri. Ikiingia kimya, pete imelika, na pia umepata njia ya kuishi nayo. Sinkronaiza iliyolika si dharura. Nawajua watu wanaoendesha miaka nayo.

Kabla ya kuihukumu, lakini, angalia oili ya giaboksi. Karibu kila giaboksi ninayoletewa ikisemwa imekufa, oili imepungua, au imewekwa isiyo yake. Fungua bolti ya kujazia, ile ya juu ubavuni, kabla hujagusa ya kumwagia chini. Watu wamemwaga oili yote kisha wakakuta ya kujazia imeganda haifunguki, gari likalala hapohapo. Kina sahihi ni oili kufika ukingoni mwa tundu hilo. Weka 75W-90, na kama una hiari chagua yenye alama GL-4, ni rafiki zaidi kwa shaba. Ile nzito ya 140 ambayo wengi hupenda kwa sababu "inanyamazisha" giaboksi, inazinyamazisha beringi na kuzikaidisha gia. Oili ya zamani ikitoka, pangusa sumaku ya ile bolti ya chini kwa kidole. Uji laini wa kijivu ni uzee wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha ni meno au beringi.

Turudi kwenye ya tatu. Anza na vya nje, kwa sababu ni vya bei nafuu na mara nyingine ndivyo. Chini ya liva ya gia kuna kikombe cha plastiki kinachoshika ncha yake. Kikilika, liva inacheza kama mwiko kwenye sufuria tupu, na gia haiingii mpaka mwisho wake hata ukidhani imeingia. Ngoa kofia ya mpira kabinini, fungua liva, tazama. Angalia na maunti ya giaboksi, ule mpira unaoishikilia kwenye chesisi: ukishachanika, giaboksi inasogea kila unapoachia mafuta, na liva inavutwa nayo. Angalia pia bolti zinazoshika giaboksi na injini kama zimelegea, kwa kuwa ilishushwa mwaka jana na wapo wanaorudisha bolti sita mahali pa nane.

Hivyo vyote vikiwa vizima na bado inajitoa unapoachia mafuta mteremkoni, tatizo liko ndani: meno ya kuingilia gia yamekuwa mviringo, foki imelika, springi ya kushikilia imechoka, au beringi zina mchezo. Hilo halitengenezwi kwa oili nzito wala kwa kufunga liva na kamba ya mpira. Hapo giaboksi ishuke, na usirudi Soni na mzigo kabla.

Ikishuka, kuna mambo ya kusimamia. LN106 ina giaboksi ya 4x4 pamoja na sanduku lake la nyuma, ni nzito. Ishushwe kwa jeki na gari likae kwenye stendi. Nimeona vijana wakiipokea kifuani, na sitaki gari lako liwe la mfano huo. Ikiwa chini, itazame pleti: ikiwa na nyama ya kutosha na haina oili, irudishe, usishawishike. Sili ya nyuma ya kranki, pailoti beringi na rilizi beringi badilisha hata kama zinaonekana nzima, maana gharama yake kubwa ni huko kushusha. Ukilazimika kununua pleti, beba ya zamani dukani, hesabu meno ya katikati, linganisha na upana. Jina la gari peke yake halitoshi.

Giaboksi ya mtumba ya Dar iwe hatua ya mwisho. Ukifika huko, usinunue iliyopakwa rangi upya. Shika shafti ya kuingilia, itikise juu na chini: mchezo mdogo sana unavumilika, unaogonga hapana. Fungua bolti ya chini uione sumaku na uinuse oili, inayonuka kuungua achana nayo. Mwenye duka akikataa isifunguliwe, ondoka. Na hakikisha imetoka kwenye gari la 4x4 lenye injini ya jamii ya L, vinginevyo haitakaa.

Mambo ya kutafuta mtu wa ana kwa ana bila kusubiri ni haya: pedali ikizama mpaka sakafuni isirudi, gia ya tatu ikijitoa tena hata mara moja, au ukisikia mngurumo mpya frii huku klachi haijakanyagwa na unaopotea ukikanyaga. Mngurumo huo ni beringi za giaboksi. Ukija ukikanyaga, ni rilizi beringi. Na kama klachi itakufa kabisa ukiwa mahali pabaya, unaweza kuzima injini, kuingiza namba moja, na kupiga stata ikiwa ndani ya gia. Gari litaruka mbele na kuondoka, kwa hiyo pasiwe na mtu. Linakutoa barabarani, halikupeleki Lushoto.

Kwa mfuko wako, basi, kwanza oili ya giaboksi, kikombe cha liva na maunti, vyote siku moja. Pili masta mbili, mpira na fluidi. Kisha endesha tupu, panda mpaka Soni gari lipate moto, ufanye kile kipimo cha rivasi cha kuhesabu mpaka tano. Niandikie ilifanyaje, fluidi ya zamani ilikuwa na rangi gani, na ulikuta nini kwenye sumaku. Kwa hayo matatu nitaweza kukuambia kama giaboksi inatakiwa kushuka.